Kubadili Mwajiri Ukiwa Kazini Nchi za Ghuba: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya Waafrika Mashariki wanaofanya kazi kwa viza ya kazi katika Saudia, Qatar, Falme za Kiarabu na Omani, pamoja na ndugu zao walioko nyumbani, ambao mara nyingi ndio wa kwanza kupigiwa simu mambo yanapoharibika. Wengi huuliza kama wanaweza kuondoka kwa kuwa wamepata kazi nyingine. Jibu hutegemea nchi uliyopo na aina ya viza uliyoingilia. Lipo pia jambo la tatu ambalo limewaponza wengi kuliko hayo mawili: uhamisho wa halali hukamilika kwenye mfumo wa serikali, na mfanyakazi asiye hatarini huondoka mahali pake pa kazi baada ya uhamisho huo kukamilika, si kabla yake.

Je, ni kweli kwamba kafala imefutwa na sasa mtu anahama apendavyo?

Sehemu yake ni kweli. Chini ya kafala, yaani mfumo wa udhamini, mgeni huingia nchini kwa jina la kafili, ambaye ni mwajiri anayemdhamini, na haki yake ya kuishi humo hutegemea kafili huyo. Kwa miaka mingi hakuweza kwenda kwa mwajiri mwingine bila barua ya kafili inayosema kwamba hana pingamizi, na kafili hakulazimika kueleza kwa nini anakataa kuitoa.

Kilichobadilika hasa ni sharti la barua hiyo. Bahrain ilitangulia kulilegeza mwaka 2009. Qatar iliiondoa mwaka 2020 kwa Sheria Na. 18 na Sheria Na. 19 za mwaka huo. Omani iliiondoa kuanzia tarehe 1 Januari 2021, na Saudia ikafungua mlango kwa wafanyakazi wa kampuni kuanzia tarehe 14 Machi 2021. Falme za Kiarabu zilianza kutumia sheria mpya ya kazi tarehe 2 Februari 2022. Kuwait imebaki nyuma, na kuanzia tarehe 1 Julai 2025 imewataka wafanyakazi wa kigeni wa sekta binafsi kupata idhini ya mwajiri kabla ya kusafiri nje ya nchi.

Hata hivyo, katika nchi zote hizi kibali cha ukaazi bado kimefungwa kwa mwajiri mmoja, na mwajiri ndiye anayekihuisha, anayeweza kuomba kifutwe, na anayeweza kuripoti kwamba mfanyakazi wake hayupo kazini. Anayekwambia kwamba kafala imekwisha kabisa, hivyo uchukue begi lako uondoke, anakupeleka pabaya.

Nitajuaje kama viza yangu ni ya nyumbani au ya kampuni?

Tafuta jibu la swali hili kabla ya mengine yote, kwa sababu sheria nyingi zinazotajwa hapa hugawanyika kwa kigezo hicho. Mtu aliyeahidiwa akiwa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam kwamba atafanya usafi hospitalini anaweza kufika Riyadh na kukuta viza yake imeandikwa mfanyakazi wa nyumbani, na kwamba sheria ya kazi ya kawaida haimhusu. Alichosema ajenti hakina uzito mbele ya kilichoandikwa.

Katika Saudia, taaluma yako imeandikwa kwenye ikama, yaani kibali chako cha ukaazi, na huonekana katika Absher, mfumo wa serikali wa mtandaoni. Mkataba wa kampuni husajiliwa katika mfumo wa serikali uitwao Qiwa, na mkataba wa nyumbani husajiliwa katika mfumo uitwao Musaned. Ukiukuta mkataba wako Musaned, wewe unahesabiwa kuwa mfanyakazi wa nyumbani hata kama kila siku unapelekwa kufanya kazi saluni. Kundi hilo halina wasichana wa kazi peke yao, kwa maana madereva wa familia, walinzi wa nyumba, watunza bustani, wafanyakazi wa mashambani na wachungaji waliachwa nje ya mabadiliko ya mwaka 2021 pamoja nao.

Katika Falme za Kiarabu, makundi yote mawili yako chini ya Wizara ya Rasilimali Watu, lakini wafanyakazi wa kampuni husimamiwa na Sheria Na. 33 ya 2021, na wa nyumbani husimamiwa na Sheria Na. 9 ya 2022 iliyoanza kutumika Desemba mwaka huo. Katika Omani, Sheria ya Kazi iliyotolewa kwa Amri ya Kifalme Na. 53 ya 2023 haiwahusu wafanyakazi wa nyumbani, ambao wana kanuni zao za wizara. Qatar nayo ina Sheria Na. 15 ya 2017 kwa ajili ya wafanyakazi wa nyumbani, ila katika suala la kubadili mwajiri imewaweka pamoja na wengine.

Usiposoma Kiarabu, piga picha ya ikama au ya kadi ya ukaazi, ambayo Wazanzibari wengi huiita bataka, umtumie mtu anayekisoma. Mwalimu wa madrasa wa mtaani kwenu anaweza kukusomea taaluma yako kwa simu, na hilo ni bora kuliko kuishi miaka miwili bila kujua serikali ya nchi ile inakutambua kama nani.

Niko Qatar. Utaratibu wa kuhama ukoje?

Qatar ndiyo yenye sheria iliyo wazi zaidi. Mfanyakazi, awe wa kampuni au wa nyumbani, anaweza kuhama wakati wowote kwa kutoa taarifa kupitia mfumo wa Wizara ya Kazi. Aliyefanya kazi kwa mwajiri wake miaka miwili au pungufu hutoa taarifa ya mwezi mmoja, na aliyezidisha miaka miwili hutoa taarifa ya miezi miwili. Utahitaji mkataba wako wa sasa na barua ya ajira kutoka kwa mwajiri mpya, na muda wa taarifa ukiisha utatia sahihi mkataba mpya, ndipo kitambulisho chako cha ukaazi kitakapohamia kwa mwajiri huyo. Katika muda wote wa taarifa unaendelea kufanya kazi na kulipwa kwa mwajiri wa zamani.

Ugumu huja kwenye utekelezaji. Wafanyakazi wengi wamekuta wakiombwa barua ya kujiuzulu yenye mhuri wa mwajiri, jambo ambalo linarudisha kwa mlango wa nyuma ile ruhusa iliyoondolewa na sheria. Wengine wamefutiwa ukaazi au wameripotiwa kutoroka mara tu mwajiri alipopata ujumbe wa simu kwamba wameomba kuhama. Kwa sababu hiyo, usiwasilishe ombi kabla mwajiri mpya hajakupa barua rasmi yenye sahihi, na hifadhi picha ya kila ukurasa wa ombi hilo pamoja na tarehe yake.

Jambo jingine la kuweka akilini unapozungumza na mwajiri mpya ni mshahara wa chini. Tangu Machi 2021 ni riyali 1,000 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, wa nyumbani akiwamo, na mwajiri asiyetoa makazi na chakula anapaswa kuongeza riyali 500 za makazi na 300 za chakula.

Niko Saudia kwa viza ya kampuni. Je, ni lazima kafili akubali?

Si lazima, iwapo umetimiza masharti. Unapaswa kuwa umemaliza mwaka mmoja kwa mwajiri wako wa sasa tangu ulipoingia nchini, mkataba wako uwe umesajiliwa, mwajiri mpya akutumie ombi la ajira kupitia Qiwa, nawe umpe mwajiri wa sasa taarifa ya siku 90. Unapokubali ombi katika Qiwa, mwajiri wa sasa hupata taarifa hapo hapo, kwa hiyo usibonyeze kukubali kwa majaribio.

Zipo pia hali ambazo mfanyakazi wa kampuni anaweza kuhama bila idhini na bila kusubiri mwaka uishe. Miongoni mwake ni mwajiri kushindwa kusajili mkataba ndani ya miezi mitatu tangu ulipoingia nchini, kutolipwa mshahara miezi mitatu mfululizo, ikama au kibali cha kazi kuisha muda bila kuhuishwa, mwajiri kufariki, kufungwa au kusafiri asijulikane alipo, na mwajiri kuhusika na biashara haramu ya watu. Vilevile, kukiwa na shauri la kazi na mwajiri asifike katika vikao viwili baada ya kuitwa, mlango huo hufunguka. Watu wengi hukaa mwaka mzima bila mshahara wakidhani hawana la kufanya, ilhali mwezi wa tatu bila malipo ulishawapa haki ya kuondoka kihalali.

Ninafanya kazi za nyumbani Saudia. Je, mimi sina haki ya kuhama?

Unayo, lakini njia yake ni nyembamba zaidi, na ni haki kusema wazi kwamba kundi linaloihitaji kuliko yote ndilo lililopewa kidogo. Kwa kawaida, uhamisho wa mfanyakazi wa nyumbani hufanywa kwa idhini ya mwajiri wa sasa: yeye huanzisha ombi, mwajiri mpya hulikubali, nawe huulizwa kama umeridhia. Usikubali jambo hilo lifanyike ukiwa umempa mtu mwingine simu yako na namba ya siri, kwa kuwa wapo waliohamishwa kama mizigo kutoka nyumba hadi nyumba bila kujua kwamba ridhaa ilitolewa kwa jina lao.

Wizara ya kazi ya Saudia hata hivyo inatambua hali ambazo uhamisho unaweza kufanyika bila idhini ya mwajiri. Nazo ni pamoja na kutolipwa mshahara miezi mitatu, kukodishwa au kupelekwa kufanya kazi kwa watu wengine, kupewa kazi inayohatarisha afya au usalama, kutendewa vibaya na mwajiri au mtu wa nyumba yake, ikama kutotolewa au kutohuishwa, na kuripotiwa uongo kwamba umetoroka. Hali hizi huthibitishwa kwa malalamiko rasmi. Kwa hiyo andika tarehe za mishahara iliyokosekana, hifadhi ujumbe wa simu na wa sauti, na kama ulipelekwa kufanya kazi kwa jirani wa mwajiri, andika ni nyumba gani, mtaa gani na siku gani. Kumbukumbu za namna hiyo ndizo zinazotenganisha malalamiko yanayosikilizwa na maneno matupu mbele ya afisa.

Kwa nini ajenti ananiambia nivumilie hasa miezi ya mwanzo?

Kwa sababu fedha zake ziko hatarini katika miezi hiyo. Mwajiri hulipa ofisi ya uwakala kiasi kikubwa ili kukupata, na ofisi humpa dhamana. Katika Saudia, dhamana ya mfanyakazi wa nyumbani hufunika siku 90 za kwanza, na ukikataa kazi ndani ya muda huo ofisi hupaswa kumpa mwajiri mfanyakazi mwingine au kumrudishia fedha. Katika Falme za Kiarabu, ofisi hurudisha gharama zote za uajiri mfanyakazi akiondoka ndani ya miezi sita ya majaribio, na hurudisha sehemu yake akiondoka baadaye kabla ya miaka miwili kuisha. Ofisi ya kule humdai wakala wa Afrika Mashariki, naye hukupigia simu wewe au mama yako.

Ukilijua hilo utaelewa kwamba neno "vumilia" si mara zote ushauri wa mtu anayekutakia mema. Utaelewa pia kwamba ndani ya muda wa dhamana una nafasi ambayo baadaye hutakuwa nayo: unaweza kuomba kurudishwa kwenye ofisi ya uwakala, ile ambayo Wakenya wengi huiita maktabu, ili ikupatie mwajiri mwingine kwa njia halali. Hiyo ndiyo njia ya kawaida zaidi ya kubadili mwajiri kwa wafanyakazi wa nyumbani wapya. Ina kasoro zake, kwa kuwa baadhi ya ofisi huwafungia wasichana chumbani, huwanyang'anya simu na kuwashinikiza wakubali nyumba yoyote itakayopatikana. Kabla hujaenda, mwambie mtu wa nyumbani jina la ofisi hiyo na mji ilipo, na mkubaliane ni siku gani atapiga simu ubalozini asipokusikia.

Ajenti anadai nimlipe gharama zote kwa sababu sijamaliza miaka miwili. Je, ninadaiwa kweli?

Sheria za Saudia, Qatar na Falme za Kiarabu zinamtwika mwajiri gharama za uajiri, na kumtoza mfanyakazi kwa njia ya moja kwa moja au kwa kumkata mshahara ni kosa. Katika Saudia, Kifungu cha 40 cha Sheria ya Kazi kinamtaka mwajiri alipie ikama, kibali cha kazi na ada ya uhamisho, ambayo imekuwa riyali 2,000 kwa uhamisho wa kwanza, 4,000 kwa wa pili na 6,000 kwa wa tatu. Mwajiri mpya akikutaka uilipe wewe, anakutwika gharama yake mwenyewe, na hilo linakuonyesha mapema jinsi atakavyokutendea baadaye.

Swali la deni la nyumbani ni tofauti kidogo. Soma mkataba uliotia sahihi na wakala wa nyumbani ujue ulikubali nini, kisha ulizia kwa mamlaka iliyompa leseni kabla ya kulipa chochote. Familia nyingi zimeuza shamba au ng'ombe kulipa madai ambayo afisa wa kazi angeyatupa kwa dakika chache.

Niko Falme za Kiarabu na bado nipo kwenye kipindi cha majaribio. Naweza kuhama?

Unaweza. Kipindi cha majaribio hakizidi miezi sita. Ukitaka kwenda kwa mwajiri mwingine ndani ya nchi hiyo, unatoa taarifa ya maandishi ya angalau mwezi mmoja, na mwajiri mpya ndiye anayemfidia wa zamani gharama za kukuajiri, isipokuwa wamekubaliana vingine. Ukitaka kurudi nyumbani, taarifa ni siku 14. Ukiondoka bila taarifa yoyote, unaweza kunyimwa kibali cha kazi kwa mwaka mmoja. Baada ya majaribio, taarifa huwa kati ya siku 30 na siku 90 kulingana na mkataba wako. Hayo yote ni ya wafanyakazi wa kampuni. Wa nyumbani afuate sheria yake, na aanzie kwenye kituo cha Tadbeer, yaani ofisi yenye leseni ya kuajiri wafanyakazi wa nyumbani, kilichomleta au kwa wizara yenyewe.

Katika Qatar pia unaweza kuhama wakati wa majaribio kwa taarifa ya mwezi mmoja, na fidia anayolipa mwajiri mpya kwa yule wa zamani haizidi mshahara wa msingi wa miezi miwili.

Na Omani je?

Zamani, mtu aliyeondoka Omani bila barua ya kafili alizuiwa kurudi kufanya kazi humo kwa miaka miwili, na sharti hilo liliwaumiza sana Watanzania, hasa Wazanzibari wenye ndugu na historia huko. Sasa barua haihitajiki, lakini usisikie nusu ya habari. Uhamisho unaruhusiwa mkataba ukiisha au ukivunjwa kwa njia inayotambuliwa, na mwajiri mpya lazima awe na kibali cha kuajiri mgeni kwa kazi hiyo. Ukiwa katikati ya mkataba na kafili hataki, kuondolewa kwa barua hakukusaidii peke yake, na utahitaji ama makubaliano ya kuvunja mkataba au uamuzi wa Wizara ya Kazi kwamba mwajiri ndiye aliyeukiuka.

Nini kitatokea nikiondoka bila kufuata utaratibu?

Mwajiri anaweza kukuripoti kwamba umetoroka, jambo ambalo katika Saudia huitwa hurubu. Taarifa hiyo ikiingia kwenye mfumo, huwezi kuhamishwa, huwezi kuhuisha ikama, benki inaweza kukufungia akaunti, na polisi wakikukamata unapelekwa kizuizini kusubiri kurudishwa nyumbani. Wakenya walioko Saudia huita maisha ya namna hiyo kwenda kemboi: mtu anafanya kazi za siku katika nyumba za watu, analipwa zaidi kwa mwezi kuliko alivyolipwa na kafili, na kwa muda anaona amefaulu. Lakini hana mkataba wa kudai mshahara asipolipwa, anaogopa kwenda hospitali, na akijifungua mtoto hawezi kumwandikisha kwa urahisi. Wapo akina mama ambao wamekwama miaka kadhaa pamoja na watoto wao wasio na cheti cha kuzaliwa, nao hawakuwa wamepanga lolote zaidi ya kutoka katika nyumba mbaya.

Kwa wafanyakazi wa kampuni katika Saudia, utaratibu ulirekebishwa mwaka 2022: mwajiri akiripoti kwamba haupo kazini, una siku 60 za kupata mwajiri mwingine au kuondoka kwa viza ya kutoka moja kwa moja. Kwa hiyo angalia hali yako katika Absher au Qiwa mara kwa mara, hata kama mambo yanaonekana shwari.

Ninapigwa, au nimeingiliwa kimwili. Je, hata hivyo nisubiri uhamisho?

Hapana. Maisha yako yako mbele ya ikama. Toka, na unapotoka nenda moja kwa moja kwenye ubalozi wako, polisi, hospitali au ofisi ya kazi, kisha useme kwa maneno yanayoandikwa kwamba unakimbia ukatili. Tofauti kati ya mtoro na mlalamikaji mara nyingi huamuliwa na saa chache za kwanza, yaani alikwenda wapi na taarifa ya nani ilitangulia kuandikwa. Ukifanyiwa ukatili wa kingono, jitahidi ufike hospitali kabla ya kuoga na kufua nguo, ili ushahidi usipotee. Ukiweza, beba simu, nakala ya ikama na mkataba. Usipoweza, ondoka mikono mitupu.

Kafili anashikilia pasipoti yangu. Nitahamaje?

Kuishikilia ni kinyume cha sheria, hata kama ni desturi iliyoenea. Qatar imeweka faini ya hadi riyali 25,000 kwa mwajiri anayefanya hivyo. Kwanza iombe kwa ujumbe wa maandishi, kwa lugha ya adabu, ili ubaki na ushahidi kwamba uliomba. Asipoitoa, ripoti kwenye wizara ya kazi na ubalozini. Mwajiri akisema kwamba anakuhifadhia, mjibu kwamba unashukuru na sasa utaihifadhi mwenyewe. Kukosa pasipoti mkononi hakuzuii kuanzisha malalamiko wala ombi la uhamisho, maana mifumo hii hutumia namba ya ikama au ya kadi ya ukaazi, ambayo unapaswa kuijua kwa kichwa.

Mwajiri mpya anasema nianze kazi leo, karatasi zitafuata. Nikubali?

Usikubali. Kufanya kazi kwa mtu ambaye ukaazi wako hauko kwake ni kosa, na kosa hilo linakuangukia wewe kabla yake. Hali ni hiyo hiyo kwa aliyeingia Dubai kwa viza ya matembezi akaambiwa itabadilishwa baadaye. Tangu mwaka 2024, mwajiri katika Falme za Kiarabu anayemfanyisha mtu kazi bila kibali hutozwa faini ya kati ya dirhamu 100,000 na 1,000,000, kwa hiyo mwajiri makini hakuombi ufanye hivyo. Anayekuomba huenda anajua kwamba siku ya mshahara hutakuwa na pa kwenda kushtaki.

Je, nitapoteza kiinua mgongo nikihama?

Si lazima, lakini muda una uzito. Katika Falme za Kiarabu, mfanyakazi wa kampuni aliyetimiza mwaka mmoja hupata mshahara wa msingi wa siku 21 kwa kila mwaka wa miaka mitano ya kwanza. Qatar hutoa angalau wiki tatu kwa kila mwaka, baada ya mwaka wa kwanza. Omani, tangu sheria ya 2023, hutoa mshahara wa msingi wa mwezi mmoja kwa kila mwaka. Katika Saudia, kiwango cha msingi ni nusu ya mshahara wa mwezi kwa kila mwaka wa miaka mitano ya mwanzo, lakini anayejiuzulu kabla ya miaka miwili kwa kawaida hapati kitu, na anayejiuzulu kati ya miaka miwili na mitano hupata theluthi moja. Mfanyakazi wa nyumbani wa Saudia hupata mshahara wa mwezi mmoja baada ya kutumikia miaka minne kwa mwajiri yule yule, hivyo anayehama mwaka wa tatu na miezi kumi anapaswa kupima kama anaweza kusubiri kidogo.

Kuna karatasi moja ya kuangalia sana. Siku ya kuagana, unaweza kupewa hati ya Kiarabu inayosema kwamba umepokea haki zako zote na huna dai lolote. Usiitie sahihi wala dole gumba kabla fedha hazijaingia kwenye akaunti yako.

Ni nani wa nyumbani anayeweza kunisaidia?

Mkenya aanzie kwa ubalozi wake na kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, ambayo ndiyo yenye orodha ya mawakala waliosajiliwa. Mganda aende kwa Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, ambayo mfumo wake wa ajira za nje huonyesha kampuni iliyompeleka. Mtanzania wa Bara awasiliane na Wakala wa Huduma za Ajira, TaESA, na wa Zanzibar awasiliane na mamlaka ya kazi ya Zanzibar, huku wote wakiutumia ubalozi wao ulioko Muscat, Riyadh, Doha au Abu Dhabi. Ndani ya Saudia, wizara ya kazi hupatikana kwa namba 19911.

Ndugu anayefuatilia kwa niaba yako asiende mikono mitupu. Awe na jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, namba ya ikama, jina la mwajiri, mji, jina la wakala wa pande zote mbili na nakala ya mkataba. Afisa anayepokea malalamiko mengi kwa siku hulishughulikia haraka zaidi faili lililokamilika.

Nikirudi nyumbani kwanza, naweza kurudi kule kwa mwajiri mwingine?

Ndiyo, na kwa wengi hii ndiyo njia safi kuliko zote, ingawa inagharimu muda. Hakikisha unaondoka kwa viza ya kutoka moja kwa moja, si kwa viza ya kutoka na kurudi, kwa kuwa ukiondoka kwa hiyo ya pili usirudi, jina lako linabaki kwa mwajiri wa zamani na linaweza kukwamisha viza mpya. Kabla ya kupanda ndege, angalia kwenye mfumo kwamba ukaazi umefutwa na kwamba huna ripoti ya kutoroka wala faini, kisha piga picha ya ukurasa huo. Mwajiri mpya atakapoanza kukuombea viza, mtumie picha hiyo pamoja na namba yako ya zamani ya ukaazi, ili kama kuna kizuizi kijulikane kabla hujalipia vipimo vya afya na nauli ya kwenda mjini.